Ulinganisho: breki za nyuma za Corolla kwa mbio za uwanjani – kubaki na dramu, kuhamia diski za GT, au kuagiza seti kubwa?

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi), mwanzisha mada

Jambo wakubwa zangu na wadogo zangu. Swali langu ni la breki za nyuma tu, kwa sababu za mbele nimeshazimaliza. Niseme mapema kwamba hapa Lubumbashi tumezoea kusema tamburi na plaketi, lakini nitaandika dramu na pedi ili wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam tuwe nao pamoja.

Gari ni Corolla ya mwaka 1994 isiyo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge), ambayo nimeiwekea injini ya 4A-GE ya vali 20. Nia yangu ni kuifikisha Harare, kwenye uwanja wa Donnybrook, kiangazi kitakapoingia. Wiki tatu zilizopita nilipewa ruhusa ya kutumia barabara ya ndani ya eneo moja la kazi nje ya mji, yenye lami safi, nikawa ninakimbia hadi 120, ninafunga breki hadi 40, ninageuza na kurudia. Mara sita za kwanza gari lilitii vizuri. Mara ya saba kanyagio lilishuka karibu nusu ya safari yake ndipo likashika, na nilipolikanyaga mara mbili haraka haraka likarudi juu. Jioni nilivua dramu la kushoto. Upande wa ndani ulikuwa na mabaka ya buluu, na kati ya mabaka hayo nyufa nyembamba kama za chungu kilichochomwa kwa haraka.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na dramu, ninunue mapya pamoja na brekishuu (vipande vinavyokandamiza dramu kwa ndani) za daraja la juu. Ya pili ni muuza vipuri vya mtumba aliyenionyesha seti ya nyuma ya Corolla GT ya kizazi kilekile, kuanzia habu, diski ndogo zisizo na matundu ya hewa, kalipa (kibanio kinachobana pedi kwenye diski), hadi waya za breki ya mkono. Ya tatu ni kuagiza seti mpya ipitie Dar es Salaam na Kasumbalesa: diski za milimita 290 zenye matundu ya hewa na kalipa za pistoni nne, kwa bei inayokaribia mara tano ya ile ya pili. Ninyi mngechukua ipi?

Kadutu20V (Bukavu)

Ikiwa fedha ipo, chukua ya tatu. Mtu anayeshuka kutoka Kadutu na gari lililojaa watu hahitaji kuelezwa faida ya diski kubwa.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu yangu wa Bukavu, mteremko wa Kadutu na uwanja wa mbio ni mambo mawili, na hasa kwa magurudumu ya nyuma. Naomba mniruhusu niandike kwa urefu, kwa maana kosa hili nimelirekebisha kwenye magari ya watu zaidi ya mara moja.

Tuchukue gari la kilo 1,100 pamoja na dereva, ambalo likisimama magurudumu ya mbele hubeba kilo 660 na ya nyuma 440. Corolla hiyo ina sentimita 246.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na tukadirie kwamba kitovu cha uzito kiko sentimita 50 kutoka chini. Ukifunga breki kwa kiwango cha 0.9 ya nguvu ya uvutano, kiwango ambacho tairi nzuri za kawaida hukifikia kwenye lami kavu, kilo 200 hivi huhamia mbele. Nyuma zinabaki kilo 240, yaani asilimia 22 ya gari zima. Ukivaa tairi zinazoshika zaidi, uzito unaohama unaongezeka na nyuma inabakiwa na kazi ndogo zaidi. Na wewe kijana wangu, ninavyowajua vijana wa mbio, viti vya nyuma na tairi la akiba umeshaving'oa siku nyingi.

Sasa tutazame joto. Gari hilo likishuka kutoka 140 hadi 60 kwa saa, linatoa nishati ya kilojuli 680 hivi. Sehemu ya nyuma ikichukua asilimia 22, kila gurudumu la nyuma linapata kilojuli 75. Diski ya chuma cha kalibu yenye kilo 3 itapanda takribani nyuzijoto 50 kwa breki hiyo moja, kisha itapoa njiani kuelekea kona inayofuata. Mbele, diski ya kilo 5 inapanda zaidi ya nyuzijoto 100 kwa breki ileile. Kwa hiyo diski ya nyuma yenye matundu ya hewa, kwa gari jepesi linalovutwa na magurudumu ya mbele, ni kumpelekea maji mtu anayeishi kando ya mto.

Seti ya milimita 290 ina ubaya wa pili, nao unauma kuliko bei. Diski ikikua kutoka milimita 260 hadi 290, pedi husogea mbali na kitovu, na nguvu ya kusimamisha gurudumu huongezeka kwa asilimia 14 hivi hata kama kalipa haijabadilika. Eneo la pistoni likiongezeka nalo, nguvu inapanda tena kwa uwiano uleule, na mafuta yanayohitajika kuzisukuma yanaongezeka, kwa hiyo kanyagio linakuwa refu. Yote hayo unayapeleka kwenye magurudumu yaliyobakiwa na kilo 240. Yatajifunga (yataacha kuzunguka) kabla ya yale ya mbele, na gurudumu la nyuma lililojifunga halina tena nguvu ya kuuzuia mkia usiende pembeni. Ukiwa umenyoosha usukani unaweza kubahatika. Ukiwa unaingia kona huku mguu bado uko kwenye breki, utajikuta unatazama ulikotoka.

Basi kwa nini sikushauri ubaki na dramu? Si kwa sababu hazina nguvu, maana nguvu zinayo tele. Brekishuu inayotangulia huvutwa na mzunguko wa dramu lenyewe na kujikandamiza zaidi, na ndiyo maana silinda ndogo tu inatosha kulisimamisha gari. Lakini kujivuta huko kunakuza kila badiliko la msuguano: brekishuu ikipoteza kidogo kwa joto, breki inapoteza kingi. Tena dramu likipata moto linapanuka na kuikimbia brekishuu. Kanyagio lako lilishuka, ukalikanyaga mara mbili likarudi. Je, liliporudi lilikuwa gumu au laini kama sponji? Likiwa gumu, ni dramu limepanuka. Likiwa la sponji, ni mafuta yamechemka, na hapo hata diski za dhahabu hazitakusaidia.

Mimi ningechukua ya pili. Haitakuongezea nguvu ya kutajika, ila breki ya raundi ya kumi itafanana na ya raundi ya kwanza, na dereva anahitaji hilo kuliko kingine chochote.

Mzee wa Likasi

Dramu zilizorekebishwa vizuri nimezitumia miaka mingi na sikuona aibu. Tatizo la vijana ni kwamba hawarekebishi nafasi ya brekishuu, wanangoja kirekebisho cha ndani kifanye kazi chenyewe huku kimeshikwa na kutu tangu gari lishuke melini. Kwa raundi tatu au nne, njia ya kwanza inatosha. Kwa raundi kumi na tano, nakubaliana na Fundi.

Kijana wa Kamalondo

Papa Fundi, liliporudi lilikuwa gumu. Lakini siku iliyofuata nililiona limelainika kidogo, hata gari likiwa la baridi.

Mama Usukani (Goma)

Mwanangu, hiyo laini ya siku ya pili usiipuuze. Mafuta yakichemka, mvuke hupoa na kurudi kuwa maji, lakini hewa iliyoingia haitoki yenyewe; pengine ulikuwa na matatizo yote mawili kwa wakati mmoja. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta hayo) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini ikishakunywa maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. DOT 5 ni jamii nyingine kabisa, ya silikoni, usiichanganye na hizo kwa sababu ya kufanana kwa namba. Na tafadhali usinunue mafuta yaliyopimwa kwenye chupa ya soda. Nilishafanya hivyo mara moja, nikayatoa yote baada ya siku mbili yakiwa na rangi ya chai.

Niongeze jambo la mwinuko, ambalo sisi wa kando ya Kivu tunalijua kwa miguu yetu, kwa kuwa ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,460. Busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, hutumia tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na ombwe la injini. Huku juu hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo msaada unapungua na kanyagio linakuwa zito. Lubumbashi mko kwenye mita 1,200 hivi na Harare inakaribia 1,500. Ukienda huko utahisi breki zimekuwa nzito kidogo, nawe utadhani pedi zimekwisha. Hazijakwisha. Kanyaga.

Dereva wa Ruashi (Lubumbashi)

Nakubaliana na njia ya pili, ila kuna mtego ambao hakuna aliyeutaja. Nilidhani ningefunga vali ya kurekebisha shinikizo la nyuma kwenye bomba moja, niizungushe kwa mkono mpaka mizani ya breki za mbele na za nyuma ikae sawa, kama nilivyoona kwenye gari la rafiki yangu linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikalala chini ya Corolla yangu na tochi, nikafuatilia mabomba, nikakuta hakuna bomba moja la nyuma. Mfumo umegawanywa kwa mshazari: gurudumu la mbele kushoto linashirikiana na la nyuma kulia, na la mbele kulia na la nyuma kushoto. Ukiweka vali moja kwenye upande mmoja tu, gari litavuta kila ukifunga breki. Ukiweka mbili, lazima zilingane daima. Ukibadilisha mfumo uwe wa mbele na nyuma, siku bomba la mbele likipasuka utabaki na ile asilimia 22 ya Fundi, na ukuta uko mbele yako. Isitoshe, vali hizo hupunguza tu shinikizo la nyuma, haziongezi.

Rudi kwa muuza vipuri yuleyule umwombe masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na kanyagio) na vali ya kugawa shinikizo vya gari hilohilo la GT, kwa sababu kiwanda kilivipanga vifanye kazi pamoja na kalipa hizo. Baada ya hapo rekebisha mizani kwa aina ya pedi. Pedi kali mbele, pedi za barabarani za ubora mzuri nyuma. Pedi za mbio zikiwekwa nyuma mara nyingi hazifikii hata joto lake la kazi, na huitafuna diski zikiwa baridi.

Fundi wa Katuba

Dereva wa Ruashi amesema kweli, nami nilipaswa kuanza na hilo. Kijana, ukishafunga, jaribu kwa 60 kwa saa kwenye lami kavu iliyofungwa, mtu asimame pembeni kwa umbali wa usalama atazame gurudumu lipi linajifunga kwanza. Likiwa la nyuma, usiende Harare.

Kijana wa Kamalondo

Narudi na matokeo baada ya wiki tano. Nilichukua seti ya GT pamoja na masta silinda na vali zake, nikaweka DOT 5.1 kutoka chupa iliyofungwa, pedi za kawaida nyuma. Kalipa moja ilikuwa na pistoni iliyoshikwa na kutu. Nikabadilisha raba zote za kalipa zote mbili.

Jaribio la kwanza lilinitia hofu. Mdogo wangu aliyesimama pembeni alipiga kelele kwamba la nyuma kushoto limejifunga peke yake. Nilipopima kwa kipimajoto cha mbali, diski ya kulia ilikuwa na nyuzijoto 145 na ya kushoto 210. Nikadhani ni vali. Haikuwa vali: waya wa breki ya mkono wa kushoto, uliotoka kwenye gari la mtumba, ulikuwa umevimba kutu ndani ya ala yake na haukurudi wote, kwa hiyo pedi zilikuwa zinaburuza muda wote. Nilipoweka waya mpya, nyuma zikasoma 140 na 150, mbele 290, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayoanza kujifunga. Nimefunga breki mara kumi na mbili mfululizo na kanyagio halikusogea.

Linalonisumbua sasa ni kwamba kila asubuhi ninapotoka, nyuma zinapiga mluzi mpaka nifike barabara kubwa.

Fundi wa Katuba

Zivue hizo pedi uniletee Katuba Jumamosi, nizitazame kingo zake kabla hujaweka grisi mahali isipotakiwa.