Mrejesho: stemu kwenye uma wenye bomba fupi

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza kuhusu uma wa baiskeli (unaoshika tairi ya mbele) wa mtumba, ambao bomba lake la juu lilishakatwa fupi: nikifunga stemu (kipande kinachounganisha usukani na bomba hilo), boliti ya chini inabana bomba, ya juu inabana hewa. Asanteni kwa kunikataza kabisa kuendesha vile, maana fundi wa mtaani alisema itashika tu.

Nilianza na ushauri wa kutoa spesa (pete za kuinua stemu) zote chini ya stemu. Haikutosha. Nikatafuta stemu nyingine yenye kimo kifupi, milimita 35 badala ya 40, kwa bomba lile lile la milimita 28.6. Sasa boliti zote mbili zinabana penye chuma, na bomba limeishia milimita 3 chini ya ukingo wa stemu. Hiyo nafasi msiizibe, ndiyo inayokiwezesha kifuniko cha juu kukandamiza beringi.

Kwenye kufunga: boliti za pembeni zikiwa zimelegea, kaza ya kifuniko taratibu mpaka mchezo (kule kulegea kwenye beringi) uishe na usukani uzunguke laini. Nyoosha stemu na tairi, kisha kaza za pembeni kwa zamu. Yangu imeandikwa Nm 5 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Nikishika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa juu ya beringi, ile "tk tk" ya kulegea sisikii tena.

Kilichogoma ni kimo. Usukani umeshuka na mgongo unauma safari ikiwa ndefu. Mkuu uliyependekeza usukani ulioinuka, nimeagiza, bado haujafika.