Mtihani wa CCNA Dar, natokea Dodoma: nipande SGR siku hiyohiyo?

Wakuu, nimebuku CCNA (200-301), mtihani wa Cisco wa mitandao ya kompyuta, kituo cha Pearson VUE (wanaosimamia mtihani) Dar, saa nne asubuhi. Treni ya alfajiri itaniwahisha? Na vitambulisho wanataka vipi?

Jibu 1
Mkuu, lala Dar. Treni ya kawaida inakula karibu masaa manne, na ukishuka stesheni bado kuna foleni ya mjini. Ukichelewa unaweza kukataliwa na dola 300 za ada ya mtihani zikaenda hivyohivyo. Kubadilisha tarehe mwisho ni saa 24 kabla, kwenye akaunti yako.

Jibu 2
Vitambulisho viwili, halisi, visivyoisha muda. Kopi au picha ya kwenye simu usihangaike nayo. Cha kwanza kiwe na jina, picha na saini. Pasipoti ndiyo salama. Kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa) iangalie kwanza, za mwanzo zilitoka bila saini. Cha pili jina na saini tu, hata kadi ya benki uliyosaini nyuma. Kinachokwamisha wengi ni jina: akaunti inasema Mohamed, pasipoti Mohammed. Rekebisha kabla hujakata tiketi, msimamizi wa kituo hawezi kukusaidia mlangoni.

Jibu 3
Simu, saa na pochi vinabaki kwenye kabati. Unapewa kibao cha kufutika na kalamu; saa ikianza, andika haraka idadi ya anwani za IP: /26=64, /27=32, /28=16, itakuokoa kwenye maswali ya sabneti (kugawa mtandao vipande). Dakika ni 120 na ukishabonyeza kuendelea hurudi nyuma, kwa hiyo usiruke swali ukitegemea kulirudia.