Acheni kuwanyang'anya watumwa jiji lao la Braavos!

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Tangu ile klipu ianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kampala na huku Gulu, kila anayejiita mjuzi wa dunia ya George R. R. Martin, mwandishi wa hadithi za Game of Thrones, anarudia yaleyale: eti siri chafu ya Braavos, jiji la kubuni la hadithi hizo, ni kwamba haikuanzishwa na watumwa. Eti ni mabwana wa Valyria, dola la wenye watumwa, waliotoroka na dhahabu yao, wakatunga hadithi ya watumwa ili wajisafishe. Juzi nimemsikia hata vijei wa banda la filamu akiichomeka katikati ya tafsiri yake, kana kwamba mwigizaji ndiye aliyesema. Watoto wametoka pale wameiamini!

Ushahidi wao mkubwa ni malipo ya Benki ya Chuma, benki ya Braavos. Jiji lilipojitokeza hadharani enzi za mtawala wake Uthero Zalyne, baada ya kujificha zaidi ya karne nzima, benki iliwalipa warithi wa wenye merikebu ambazo waasisi waliziteka wakatoroka nazo. Basi wanashangilia: mnaona, walikuwa wanalipana wao kwa wao! Jamani, someni habari mpaka mwisho. Merikebu zililipwa. Watu waliokuwa ndani yake hawakulipiwa hata senti, benki ilikataa. Bwana gani wa watumwa angekubali hesabu ya namna hiyo? Walikuwa wanatamka mbele ya dunia nzima kwamba mbao na tanga vina mwenyewe, binadamu hana. Kwa jambo hilo naipenda Braavos kuliko miji yote ya hadithi zile, na hapo hapo ndipo mnapopatemea mate.

Tena Sheria ya Kwanza, kwamba hakuna mwanamume, mwanamke wala mtoto atakayekuwa mtumwa Braavos, imechongwa kwenye jiwe. Pentos, jiji jirani, ilipigwa vita na Braavos mpaka ikaufuta utumwa. Klipu haigusi hata moja.

Mnaniuliza kwa nini nawaka hivi kwa jiji la kubuni. Mimi ni mtu wa Gulu. Patiko, penye miamba, iko jirani. Wafanyabiashara ya watumwa waliwafungia watu wetu kwenye miamba ile kabla Mwingereza Samuel Baker hajawatimua mwaka 1872, na leo wageni wanapaita Ngome ya Baker. Aliyefungua ana jina, waliofungwa hawana. Sasa hata kwenye hadithi ambamo watumwa waliteka merikebu wakajikomboa kwa mikono yao, mnakuja kumkabidhi bwana wao sifa? Inauma.

Machafu yapo Braavos, sikatai. Wasio na Nyuso, wauaji wa siri wa jiji hilo, walianzia kwenye machimbo ya Valyria walikofanyishwa kazi watumwa, na msichana Arya, mwanafunzi wao, alipong'aka kwamba yule muuaji wa kwanza angewaua mabwana badala ya watumwa, kuhani wao alijibu kuwa zawadi, yaani kifo, ingewafikia mabwana pia, kisha akaiahirisha hadithi. Chimbeni hapo! Je, maangamizi ya Valyria yalikuwa kazi ya watumwa wenyewe? Hiyo nitaijadili hadi alfajiri, maana ina maandishi chini yake.

Jibu langu lenye haya yote msimamizi wa kundi amelifuta, klipu akaiacha. Alirudishe. Na mwenye klipu alete sura inayosema waasisi walikuwa mabwana, tuisome sote.