Probox (1NZ) inatetemeka ikisimama baada ya kubadilishwa kamshafti – naomba ushauri, niko Nakuru

Maziwa_Njoro
Habari zenu wadau. Nina Probox yenye injini ya Toyota 1NZ-FE, gia za mkono, inayoshusha maziwa kutoka Njoro hadi Nakuru mjini kila alfajiri. Ilikuwa inagonga juu ya injini, tak tak tak, kelele inayopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Kava ya tapeti ilipofunguliwa tukakuta nundu za kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya upande wa hewa zimelika, hasa silinda ya pili. Ukipitisha ukucha unakwama kwenye ukingo. Fundi akasema tubadilishe kamshafti zote mbili. Nikapata jozi iliyotumika kwenye duka la spea za Japani, safi, hazina mkwaruzo hata mmoja. Alizifunga bila kufungua kava ya cheni, akaning'iniza cheni kwa waya isidondoke.

Kelele imeisha kabisa. Sasa shida ni hii: gari likisimama huku injini inanguruma, linatetemeka hadi vioo vya pembeni havionyeshi kitu. Asubuhi ikiwa baridi kuna unafuu. Ikishapata joto inaanza kumisi, na kwenye foleni inataka kuzima. Nikikanyaga ikapita mizunguko 1,500 hivi inakuwa laini, ila mlimani haina nguvu zake za zamani. Mashine imesoma misimbo P0300 (kumisi bila kutaja silinda) na P0302 (kumisi silinda ya pili). Plagi ni mpya, koili tumezibadilishana nafasi, lakini msimbo umebaki palepale P0302. Fundi anataka ninunue bodi ya throto. Jirani yake wa gereji anasema kompyuta ya gari "imechanganyikiwa". Kabla sijatoa pesa nyingine naombeni mawazo yenu.

Kijana_wa_Shabab
Osha throto mkuu. Hizi 1NZ zikitetemeka huwa ni uchafu wa throto tu. Kopo moja la dawa ya kabureta, dakika ishirini, umemaliza.

Koili_Moja (Kakamega)
Kijana, throto chafu inanyima hewa silinda zote nne, haichagui. Hapa msimbo unataja silinda ya pili na koili imehamishwa, msimbo haukuifuata. Plagi mpya. Kilichobaki hapo ni injekta, hewa inayovuja karibu na silinda hiyo, au kompresheni (mgandamizo wa silinda). Mwenye gari, kompresheni imepimwa?

Maziwa_Njoro
Haijapimwa bado. Fundi anasema haina haja kwa sababu injini "ina nguvu".

Mama_Spana (Kisumu)
Kaka Maziwa, pole. Weka pochi mfukoni kwanza. Gari lilikuwa linagonga lakini halitetemeki. Likaingia gereji, likatoka linatetemeka. Sasa kwa nini mnakimbilia throto na kompyuta, vitu ambavyo hakuna aliyevigusa siku hiyo? Anza na vilivyoguswa.

Kwanza vile vya bure. Kava ya tapeti ikitoka, hosi ya kupumulia inayokwenda kwenye manifoldi lazima ichomolewe. Angalia kama imerudi na haina ufa. Angalia soketi za umeme za koili kama zimeingia hadi zikalia "tik". Chomoa koili ya pili uchungulie shimo la plagi. Kama lina oili, sili za kava zimekaa vibaya. Halafu injini ikiwa inanguruma puliza dawa ya kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi ya hewa. Mngurumo ukibadilika, hewa inavuja hapo. Uwe mbali na ekzosi ya moto unapopuliza, tafadhali.

Hayo yakiwa sawa, pima kompresheni. Injini iwe na joto, plagi zote nje, injekta zimekatwa umeme, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Ukipata silinda moja iko chini, tia oili kijiko kimoja humo ndani upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu hazifungi.

Mimi nina shaka moja kubwa. 1NZ haina tapeti za kujirekebisha kwa oili. Valvu inasukumwa na kikombe cha chuma chenye unene maalumu, na nafasi kati ya kikombe na kamshafti inawekwa kwa kuchagua kikombe. Hazina skrubu wala shimu. Upande wa hewa unataka milimita 0.15 hadi 0.25, upande wa ekzosi 0.25 hadi 0.35, injini ikiwa baridi. Vikombe vyako vilichaguliwa kulingana na kamshafti zilizotoka. Umeleta kamshafti za injini nyingine, ambazo huko zilikotoka zilikuwa na vikombe vyake. Swali langu kwa fundi wako ni moja tu: alipima nafasi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) baada ya kufunga? Nafasi ikiwa ndogo mno valvu haikai kwenye kiti chake, inabaki kama mlango ulioegeshwa. Valvu ya ekzosi ikipata moto inarefuka, ile nafasi ndogo iliyobaki inaisha, ndiyo maana asubuhi una unafuu na mchana unateseka. Mizunguko ikipanda, mgandamizo haupati muda wa kuvuja, injini inajifanya mzima.

Na kelele kuisha si ushahidi wa kazi nzuri. Tapeti iliyobana haipigi kelele. Inayogonga inakuonya, iliyobana inaunguza valvu kimyakimya.

Turbo_wa_Eldy
Heshima kwako Mama Spana lakini umeruka VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu za hewa kufunguka. Gia ya kamshafti ya upande wa hewa ina pini ya kuifunga katika hali ya kuchelewa injini ikizimwa. Hizi za mitumba nyingine pini imechoka au gia imejaa matope ya oili. Kamshafti ikibaki imetangulizwa, valvu za hewa zinafunguka wakati za ekzosi hazijafunga, moshi unarudi ndani, na injini haiwezi kutulia ikisimama. Pia cheni iliyoning'inizwa kwa waya inaweza kuruka jino kule chini kwenye krenki (shafti kuu ya injini) bila mtu kuona. Mimi ningeanza na taiming.

Mama_Spana (Kisumu)
Turbo, sikatai, na aicheki. Lakini jino moja likiruka au VVT-i ikikwama, silinda zote zinaumia pamoja, kwa sababu kamshafti ni moja kwa zote. Na kompyuta kwa kawaida italalamika kwa misimbo ya taiming ya kamshafti, P0016 au P0011, si P0302 peke yake.

Kaka, kucheki ni rahisi. Zungusha krenki kwa spana upande wa saa hadi alama ya puli ifike 0. Alama za gia mbili za kamshafti zinatakiwa ziwe juu. Zikiwa chini, zungusha raundi nzima nyingine. Msihangaike na vile viungo vya cheni vyenye rangi, ukishazungusha injini havirudi kwenye alama mpaka raundi nyingi sana. Vile ni vya siku ya kufunga tu. Kuhusu VVT-i, gari likinguruma peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye valvu yake ya oili. Injini ikitaka kuzima, mfumo unafanya kazi. Isipobadilika chochote, toa ile valvu na kichujio chake uvisafishe.

Boda_Bondeni
Mimi nimekuja kusoma tu, boda yangu ina valvu mbili na bado zinanisumbua.

Maziwa_Njoro
Wadau asanteni. Nilihamia kwa fundi mwingine mwenye fila geji na geji ya kompresheni. Hosi ziko sawa, hakuna hewa inayovuja. Alama za taiming ziko juu zote mbili, puli kwenye 0. Tulipopeleka umeme kwenye valvu ya VVT-i injini ilizima hapo hapo.

Kompresheni kwa psi: silinda ya 1 ni 170, ya 2 ni 110, ya 3 ni 165, ya 4 ni 170. Ya pili tulipotia oili ikawa 112. Fundi ameshtuka, anasema hata hizo 170 ni ndogo, kitabu kinasema zaidi ya 210. Injini imekufa?

Nafasi kwa milimita, injini ikiwa baridi (S ni silinda):
Upande wa hewa: S1 0.20 na 0.22, S2 0.05 na 0.08, S3 0.18 na 0.16, S4 0.21 na 0.17.
Ekzosi: S1 0.30 na 0.28, S2 0.12 na nyingine fila nyembamba kuliko zote haiingii, S3 0.20 na 0.27; S4 0.33 na 0.42.

Koili_Moja (Kakamega)
Injini haijafa. Kitabu kinapimia usawa wa bahari. Nakuru mko kama mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi, na 170 kwenye injini iliyofanya kazi ni ya kujivunia. Hata huko Kisumu, mita 1,100 na kitu, huwezi kuona namba ya kitabu. Wewe angalia tofauti kati ya silinda. 170 na 110, shida iko hapo. Oili haikuipandisha, kwa hiyo ringi zako msizitaje tena.

Turbo_wa_Eldy
Nimenyoosha mikono. Tapeti.

Mama_Spana (Kisumu)
Ile ya S2 ambayo fila haiingii ndiyo inayokuangusha, na usiendeshe tena hilo gari kwenda Njoro. Valvu ya ekzosi inapoa inapogusa kiti chake. Isipogusa inaungua ukingo, na hapo utashusha hedi (kichwa cha injini).

Toa kamshafti, geuza vikombe vya silinda ya pili usome namba ndani. Namba 42 maana yake milimita 5.420. Niandikie namba za hivyo vinne, na pia za S3 ekzosi ile ya 0.20 na S4 ekzosi ile ya 0.42.

Ukitoa, vifuniko vya kamshafti visichanganywe. Kila kimoja kina herufi, namba na mshale, na vilichongwa pamoja na hedi yako. Kama duka lilikupa vifuniko pamoja na kamshafti, hivyo ni chuma chakavu. Legeza kidogo kidogo kuanzia pembeni, kaza kuanzia katikati, na mtumie spana ya kupimia nguvu.

Maziwa_Njoro
Vifuniko ni vya hedi yangu. Namba: S2 hewa 48 na 46. S2 ekzosi 50 na 52. S3 ekzosi 42. S4 ekzosi 30. Silinda nyingine nyingi ziko kati ya 30 na 38.

Mama_Spana (Kisumu)
Umeona? Silinda ya pili peke yake ina vikombe vinene. Kuna mtu kabla yako aliisikia ile tak tak akaizima kwa kuweka vikombe vinene, badala ya kuuliza kwa nini nundu zinalika. Kamshafti nzima ilipokuja, nafasi ikaisha.

Hesabu iko hivi. S2 hewa ya kwanza: nafasi 0.05, tunataka 0.20, imepungua 0.15. Kikombe 5.480 ukitoa 0.15 unabaki na 5.330. Namba zinakwenda mbili mbili, kwa hiyo 32 au 34, zote zitakuingiza ndani. Ya pili: 5.460 kutoa 0.12 ni 5.340, yaani 34. Ekzosi tunalenga 0.30. Ile ya 0.12 yenye kikombe 50 inataka 32. Ile isiyoingia fila haihesabiki, weka kikombe chembamba kama 30 kwa muda, funga, pima, ndipo upige hesabu.

Sasa raha yenyewe. S3 yenye 42 na S4 yenye 30 badilishaneni tu. S3 inapata 0.32, S4 inapata 0.30. Hapo hununui kitu.

Kijana_wa_Shabab
Kwa nini asipeleke hivyo vinne kwa mtu wa leti avisage kwa ndani? Hapa Nakuru wapo na ni bei ya chai.

Mama_Spana (Kisumu)
Kwa sababu uso wa kikombe umekazwa kwa moto na lile tabaka ni jembamba. Jiwe la mkono likipinda kidogo tu, kikombe kinasukuma shina la valvu upande. Kama ana mashine ya kusaga bapa na maikromita, sawa, azungumze. Jiwe la kusimama kwenye benchi, hapana. Kanunue hedi iliyokufa ya 1NZ, ina vikombe 16, utapata unavyotaka.

Maziwa_Njoro
Hedi imepatikana, ina ufa lakini vikombe ni vizima. Namba kwenye baadhi zimefutika. Na je, wakati wa kupima kila valvu lazima nizungushe injini mara ngapi?

Koili_Moja (Kakamega)
Silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, pima hewa za 1 na 2, ekzosi za 1 na 3. Zungusha krenki raundi moja, pima hewa za 3 na 4, ekzosi za 2 na 4. Basi.

Mama_Spana (Kisumu)
Zilizofutika pima kwa maikromita, usikisie. Vipakwe oili vyote kabla ya kuingia. Ukimaliza, zungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili, kisha pima zote 16 upya ndipo ufunge kava. Paka silikoni pale kava ya cheni inapokutana na hedi, pembe zote mbili, vinginevyo oili itashuka kwenye ekzosi. Na hiyo oili yako ibadilishwe pamoja na filta, halafu chungulia kijiti kila asubuhi kabla ya kupakia maziwa, kwa sababu nundu zile hazikulika zenyewe.