Loki za umeme zinafunga lakini hazifungui, ingawa rilei inasikika: nianze kupima wapi?

Mwenye gari:
Ndugu mafundi, habari zenu. Gari langu lina loki za umeme katika milango minne. Nikibonyeza swichi ya dereva upande wa kufunga, milango inajifunga vizuri, lakini nikibonyeza upande wa kufungua nasikia rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ikigonga chini ya dashibodi na hakuna mlango unaofunguka. Fyuzi ni nzima na betri ina nguvu. Aidha, mlango wa nyuma wa kushoto una tatizo la peke yake, kwa sababu hata amri ya kufunga unaitii pale tu unapokuwa wazi nusu. Ukishabanwa kabisa, mota yake haitoi hata mlio. Nimeshauriwa kubadilisha mota zote nne, lakini ningependa kupima kabla ya kununua chochote. Rilei zangu ni mbili zinazofanana, zenye miguu mitano, na zinachomoka.

Fundi Waya:
Ndugu, mota usizinunue. Mota ya loki ina waya mbili, na ni mota hiyo hiyo inayozunguka upande mmoja ili kufunga na upande wa pili ili kufungua, kulingana na waya upi umepewa chanya na upi umepewa hasi. Haiwezekani mota zote ziwe nzima wakati wa kufunga na mbovu wakati wa kufungua.

Kuhusu mlango wa nyuma wa kushoto, maelezo yako yenyewe yanaelekeza kwenye mpira wa mikunjo unaopitisha waya kati ya nguzo ya gari na mlango. Waya za hapo hupinda kila mlango unapofunguliwa, hivyo nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki bila alama. Chomoa mpira huo, kisha vuta kila waya taratibu. Ule unaovutika kama mpira badala ya kukaza ndio uliokatika. Unga kipande kirefu kidogo cha waya unaonyumbulika, ulehemu kwa risasi, ufunike kwa mrija unaosinyaa kwa joto, na maungio yasikae sehemu ile ile inayopinda. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya mlangoni, ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu waya za mifuko ya hewa ya pembeni, ambazo kwa kawaida huwa na rangi ya njano, zinaweza kuwa karibu.

Msomi wa Saketi:
Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu mlango huo. Suala la kufungua linahitaji kueleweka kwa makini, kwa kuwa wengi hubadilisha rilei isiyo na kosa.

Katika mpangilio wa kawaida wa rilei mbili, mguu namba 30 wa kila rilei unakwenda kwenye waya mmoja wa mota, namba 87 unapokea chanya ya betri, na namba 87a umeungwa na ethi, yaani bodi ya gari iliyounganishwa na hasi ya betri. Rilei ikiwa imetulia, 30 inagusana na 87a; ikigonga, inahamia 87. Kwa hiyo rilei zote zikiwa zimetulia, waya zote mbili za mota ziko kwenye ethi. Ukibonyeza kufungua, rilei ya kufungua inapeleka chanya, lakini umeme huo unarudi kupitia rilei ya kufunga, ambayo wakati huo haifanyi kazi na haitoi mlio wowote. Kontakti yake ya 87a ikiungua, utasikia rilei ya kufungua ikigonga na milango haitatikisika.

Kuna ushauri maarufu wa kubadilishana rilei hizo mahali. Ni kipimo kizuri, lakini kina mpaka wake: tatizo likihamia upande wa kufunga, umethibitisha kwamba moja ya rilei ni mbovu, ila bado hujajua ni ipi, kwa maana 87 iliyoungua ya rilei moja na 87a iliyoungua ya nyingine zitaleta dalili ile ile. Kwa hiyo zirudishe mahali pake, usichomoe mota, na upime volti kati ya kila waya wa mota na bodi wakati msaidizi ameshikilia swichi ya kufungua. Baadhi ya magari hutoa umeme kwa muda mfupi sana, hivyo taa ya majaribio inaweza kuwa bora kuliko maltimita.

Mwenye gari:
Ahsanteni sana. Waya mmoja wa mlango wa nyuma ulikuwa umekatika ndani ya mpira, na sasa mlango huo unafunga kama mingine. Katika kupima wakati wa kufungua, nimepata karibu volti 12 kwenye waya wa kufungua, na karibu volti 12 vilevile kwenye waya wa kufunga.

Msomi wa Saketi:
Basi rilei ya kufungua ni nzima. Umeme umefika, umepita ndani ya mota, ukakosa njia ya kutokea upande wa pili. Sasa chomoa rilei ya kufunga, unga ncha moja ya taa ya majaribio kwenye chanya ya betri, na nyingine uguse tundu la 87a la soketi yake. Taa ikiwaka kwa nguvu, ethi ni nzima na kosa ni la rilei hiyo. Ikififia au isipowaka, fuata waya wa ethi hadi kwenye bolti yake, usugue kutu na ukaze. Usitegemee kipimo cha omu (ukinzani wa waya) pekee, kwa kuwa hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utaonyesha kwamba njia ipo, ilhali hauwezi kubeba mzigo wa mota nne.

Fundi Waya:
Niongeze jambo moja kwa atakayenunua rilei mpya: soma mchoro uliochapwa ubavuni mwake, kwa sababu zipo rilei za miguu mitano zenye namba 87 mara mbili na zisizo na 87a kabisa. Zinaingia kwenye soketi bila shida, na loki hazitafanya kazi.