Magazeti kuwapiga wasomaji kamba kwa utani: mpaka uwe wapi?

mpenda_magazeti: Wakuu habari zenu. Naomba tujadili zile stori ambazo magazeti yalikuwa yanatunga mwanzo mwisho halafu yanazichapa kama habari ya kweli. Sisemei uzushi wa kumchafulia mtu jina, nasemea utani kama ule wa Siku ya Wajinga. Kuna wanaosema gazeti likishakudanganya hata mara moja basi halifai tena, mimi naona siyo lazima. Upi mnauona ulikuwa wa kiungwana na upi ulivuka mpaka?

bi_kurasa: Kabla ya kujibu nianze na baba lao, gazeti la New York Sun la Marekani, Agosti 1835. Walitoa makala sita eti mwanaastronomia John Herschel ameona viumbe mwezini kwa darubini mpya, kuna watu wenye mbawa kama popo na wanyama aina ya biva (kama panya wakubwa wa majini) wanaotembea kwa miguu miwili! Ujanja wao ulikuwa hapa: Herschel alikuwa mtu wa kweli, na kipindi hicho kweli alikuwa Afrika Kusini na darubini yake, na barua zilikuwa zinasafiri kwa meli, sasa wewe wa New York ungemuuliza nani? Lakini mimi siuiti wa kiungwana, maana gazeti lilivuna wasomaji na halikuwahi kutoka hadharani likasema jamani tulitunga.

nukta_mkato: Wa kiungwana ni wa The Guardian, gazeti la Uingereza, tarehe 1 Aprili 1977. Kurasa saba nzima kuhusu nchi ya visiwa inaitwa San Serriffe, na matangazo ya biashara pia. Simu zikaita ofisini siku nzima watu wanaulizia. Ila ukiangalia ramani visiwa vimekaa kama alama ya nukta mkato (;), mji mkuu unaitwa Bodoni ambayo ni aina ya herufi za uchapaji, rais naye Jenerali Pica, kipimo cha herufi. Yaani ufunguo walikuachia mlangoni, ni wewe tu kutazama.

bi_kurasa: Hapo sawa kabisa, nimekubali.

mzee_wa_stendi: Ufunguo peke yake hautoshi wanangu. Mwaka 1874 New York Herald waliandika wanyama wametoroka bustani ya Central Park, wameua watu, na simba na chui bado wako mitaani. Aya ya mwisho ilikiri kila kitu ni cha kutunga, na nia yao ilikuwa kuonya kuhusu usalama wa vizimba. Sasa mama ambaye mtoto wake yuko shule atasoma mpaka aya ya mwisho saa ngapi? Huo siyo utani, ni kutisha watu.

mpenda_magazeti: Shikamoo mzee, hilo nimelielewa. Na kama mtunzi mwenyewe akikiri baadaye je, inasaidia?

mzee_wa_stendi: Marahaba. Inasaidia kidogo sana. Mwandishi wa magazeti wa Marekani, H. L. Mencken, mwaka 1917 alitunga historia ya hodhi la kuogea Marekani, kwamba la kwanza lilikuwa Cincinnati 1842, madaktari wakalipinga, mpaka Rais Fillmore alipoweka lake Ikulu. Watu wakaichukua kama historia, ikaanza kunukuliwa huku na huku. Mwaka 1926 akaandika wazi kwamba yote aliyatunga yeye, na bado watu wakaendelea kuinukuu miaka na miaka.