Mjadala: Young Americans ya David Bowie ni soul kweli, au ni soul ya kuazima?

Mleta Mada

Wakuu, salaam. Ubishi huu huzuka kila albamu za miaka ya 1970 zikitajwa, na mara nyingi huishia kwenye kejeli. Leo tuubishanie vizuri.

Kwa asiyeifahamu: Agosti 1974 David Bowie, mwanamuziki wa rock kutoka Uingereza, aliingia Sigma Sound, studio ya Philadelphia, Marekani, iliyokuwa jiko la soul ya mji ule, yaani muziki wa Wamarekani weusi. Huko alirekodi sehemu kubwa ya Young Americans, iliyotoka Machi 1975 ikiwa na nyimbo 8, dakika 40 hivi. Wapenzi wake wanasema ndiyo albamu ya rock iliyoiheshimu soul kuliko zote za wakati wake. Wapinzani wanasema mzungu alikwenda kuchota kisima cha watu weusi, akauza maji mjini. Bowie mwenyewe aliiita soul ya plastiki, yaani ya bandia.

Swali langu: ni halali kuiita albamu ya soul? Hoja ziwe za kusikika. Taja wimbo, taja chombo, taja aliyepiga. Naomba kuwasilisha.

Ridhimu

Mkuu, tuanze na waliopiga, maana wengi huhukumu sura iliyo kwenye kava bila kusoma mgongo wake.

Besi ni Willie Weeks, yule yule wa albamu ya jukwaani ya mwimbaji wa soul Donny Hathaway ya 1972. Dramu ni Andy Newmark, aliyekuwa ametoka kupiga na nyota wa funk Sly Stone. Gitaa ni Carlos Alomar, mzaliwa wa Puerto Rico aliyepikika kwenye bendi ya ukumbi wa Apollo kule Harlem. Tumba ni Larry Washington, saksafoni David Sanborn, piano Mike Garson. Waitikiaji ni Luther Vandross, Ava Cherry na Robin Clark. Prodyuza ni Tony Visconti, na sehemu kubwa ya nyimbo za Philadelphia zilirekodiwa bendi na mwimbaji wakiwa pamoja, si kipande kipande.

Sasa fungua "Right", wimbo wa mwisho upande A. Mara ya kwanza usimsikilize Bowie kabisa, wasikilize waitikiaji. Katika rock ya kawaida mwitikiaji anasubiri mstari uishe ndipo arudie. Hapa hawasubiri. Wanamkatiza mwimbaji katikati ya sentensi, naye anawakatiza, neno moja linagawanywa kwa watu wawili, na bado pigo halitetereki. Filamu ya BBC ya 1975, Cracked Actor, inawaonyesha wakiufanyia mazoezi mpangilio huo, zamu kwa zamu: nani anaingia wapi, nani anaacha wapi. Ukikosea kuingia kwa nusu ya pigo, mstari mzima unavurugika. Ule ni mtindo wa kwaya za makanisa ya watu weusi wa Marekani, na waliouleta studio ni watu waliokulia ndani yake.

Halafu tazama gitaa la solo liko wapi. Karibu halipo! Nafasi yake imechukuliwa na saksafoni ya Sanborn. Kwa mwanamuziki wa rock wa mwaka 1974 huo ulikuwa uamuzi mkubwa, kwa sababu gitaa la solo ndilo lililokuwa likiuza tiketi.

Binti Santuri

Kaka Ridhimu, orodha yako ni sahihi, lakini umeruka jambo. Watu wanasema albamu hii ina "sauti ya Philadelphia". Haina. Sauti ile ilitengenezwa na bendi ya nyumbani ya Sigma, MFSB, chini ya maprodyuza Kenneth Gamble na Leon Huff. Katika kundi lile lote, aliyeonekana kwenye kazi hii ni Larry Washington na tumba zake. Wengine walitoka nje, hasa New York. Hata vinanda vya nyuzi vilirekodiwa London. Bowie alikodi chumba, hakupata kilichofanya chumba kiwe maarufu.

La pili ni koo. Sikiliza "Win", kisha "Can You Hear Me". Mwimbaji wa soul akipanda juu, pumzi inatoka tumboni na noti inafunguka. Bowie akipanda, koo linabana na sauti inakwaruza. Inapendeza, sikatai, lakini ni urembo wa mwigizaji anayetuonyesha anavyohangaika.

La tatu ndilo linaloniuma. "Fame" ilishika namba 1 Marekani Septemba 1975. Luther Vandross, aliyebeba nusu ya uzito wa albamu hii kwa sauti yake, hakupata albamu iliyomfungulia njia kwa jina lake mwenyewe hadi 1981. Tukiita kitu hiki soul bila kusita, tunasahau nani alifunguliwa mlango na nani aliachwa barazani.

Kwangu ni albamu nzuri ya rock inayotumia soul. Naisikiliza, naipenda, siipi jina lisilo lake.

Ridhimu

Dada, kuhusu MFSB nakubali, na wanaorudia neno lile waache. Lakini kuhusu mlango, tuangalie karatasi.

"Fascination" ilianza kama wimbo wa Vandross, "Funky Music". Bowie aliubadilisha maneno, na kwenye lebo majina yakaandikwa mawili, Bowie na Vandross. "Fame" ina majina matatu, Bowie, Alomar na John Lennon aliyekuwa wa The Beatles, kwa sababu mchapo wa gitaa (kile kipande kifupi kinachorudiwa-rudiwa) unaoubeba wimbo ni wa Alomar. Alikuwa akiupiga jukwaani kwenye "Foot Stompin'", wimbo wa zamani wa The Flares. Jina kwenye lebo ndilo mirabaha, kila santuri inapouzwa na kila redio inapoupiga. Katika miaka ile wapiga gitaa wangapi walilipwa ujira wa siku, wakaaga, na mchapo wao ukazaa mamilioni ya mtu mwingine?

Na kiitikio cha wimbo wa jina la albamu kilitokana na Vandross kuimba pembeni na Robin Clark. Bowie akasikia, akawaingiza. Kwenye ziara ya vuli ya 1974, bendi ya Garson ilifungua maonyesho huku Vandross akiimba mbele.

Kuna kingine. Mwisho wa 1975 James Brown alitoa "Hot", na mchapo wake ni ule ule wa "Fame", karibu noti kwa noti. Alomar aliwahi kupiga kwa James Brown kwa muda mfupi. Kama muziki huu ungekuwa plastiki tupu, mfalme wa funk angeuazima?

Binti Santuri

Mirabaha nakubali, na namsifu kwa hilo. Lakini James Brown aliazima kilichopigwa na Alomar. Hapo umenisaidia mimi: kilichokuwa soul ndani ya albamu ni Alomar, Weeks, Vandross, Cherry na Clark.

Mpita Njia

Wote wawili mnalinda mlango. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam kwa hoja kwamba si utamaduni wetu, na vijana waliendelea kuupenda. Mimi nasita sana mtu anapoanza kuuliza nani ana ruhusa ya muziki gani.

Binti Santuri

Ndugu yangu, kule serikali ilikataza watu kucheza. Hapa hakuna anayekataza. Tunabishana kuhusu jina na sifa, tena sifa zina watu wake.

Fundi Spika

Naomba niingie upande wa vyombo, maana naona watu wanabishania waitikiaji ambao pengine hawajawasikia sawasawa.

Spika ya simu haifai kwa albamu hii. Waya mnene wa besi ukiachwa wazi unatoa hezi 41, na spika ya simu haifiki karibu na hapo, kwa hiyo unayemsikia si Willie Weeks bali kivuli chake cha juu. Spika ndogo moja ya bluetooth nayo inakusanya kushoto na kulia mahali pamoja. Hapo ndipo "Right" inageuka kelele, kwa sababu sauti zinazopokezana zinarundikana zote katikati. Tumia hedifoni zenye waya, hata za bei ya kawaida, au spika mbili zilizoachana mita 2, nawe ukae mita 2 kutoka kila moja.

Ukilinganisha toleo la zamani na lililosafishwa upya, sawazisha sauti kwanza. Hili ndilo kosa linaloharibu mabishano mengi. Toleo likizidi lingine kwa desibeli 1 tu, sikio linaliona ni bora, lina "nguvu", lina "uwazi", kumbe ni kelele imeongezwa. Chagua sekunde 30 za "Somebody Up There Likes Me" zenye saksafoni na waitikiaji pamoja, cheza matoleo yote mawili, punguza lenye sauti kubwa hadi sauti ya mwimbaji ilingane, ndipo uhukumu.

Kwa wenye santuri: upande A una takriban dakika 19 na sekunde 50, upande B dakika 20 na sekunde 16. Urefu huo ni salama. Tatizo liko mwishoni mwa upande B. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika muda wote, lakini mfereji wa ndani una mzingo mfupi. Ukingoni sindano inapita sentimita 50 hivi kwa sekunde, karibu na lebo inapita kama 21. Mawimbi ya sauti yanabanwa, na herufi za "s" zinaanza kuchanika. Wimbo ulioko pale ni "Fame", wenye vipande vifupi vya gitaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ukisikia mchaniko, usikimbilie kulaumu studio. Safisha sindano kwa brashi ukivuta kutoka nyuma kwenda mbele, pima uzito wa mkono kama mtengenezaji alivyoelekeza (sindano nyingi za nyumbani ni gramu 1.5 hadi 2), kisha kagua kama kichwa kimekaa sawa na mfereji. Uzito mdogo mno ni hatari kuliko uzito uliozidi kidogo, kwa sababu sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua.

Baada ya hapo sikiliza wimbo wa jina la albamu kuelekea mwisho. Bendi nzima inakata ghafla. Besi, dramu, piano, kimya. Inabaki sauti ya Bowie peke yake, anaruka juu hadi sauti nyembamba ya juu kabisa kwenye neno moja la kilio, kisha bendi inaanguka juu yake kwa pigo moja. Kwenye chombo kibovu kimya kile kinajaa mvumo. Kwenye chombo kizuri unasikia chumba.

Mzee wa Upande B

Vijana, mmetaja "Fame" mara kumi bila kusema kwamba haikuwemo.

Albamu ya kwanza iliyopangwa iliitwa The Gouster, neno la mavazi ya vijana weusi wa Chicago miaka ya 1960. Ilikuwa na nyimbo 7: "John, I'm Only Dancing (Again)", "Somebody Up There Likes Me", "It's Gonna Be Me", "Who Can I Be Now?", "Can You Hear Me", "Young Americans" na "Right". Kisha Januari 1975, New York, Bowie akaingia studio na John Lennon na fundi mitambo Harry Maslin, wakatoka na "Fame" na "Across the Universe", ule wa The Beatles. Visconti alikuwa London akichanganya sauti, akakuta mambo yamekwisha. Ili hizo mbili ziingie, "It's Gonna Be Me" na "Who Can I Be Now?" zikatolewa.

Hapo ndipo ninapogombana na albamu. "Across the Universe" haina kazi pale. Imewekwa katikati ya upande B, kati ya nyimbo mbili zenye waitikiaji wa kweli, na Bowie anaupigia kelele wimbo uliotungwa kuimbwa kwa upole. Kilichotolewa, "It's Gonna Be Me", ndicho jibu la swali la Mleta Mada. Ni zaidi ya dakika 6, bendi inatembea polepole, mwimbaji anavuta nyuma ya pigo, waitikiaji wanaingia wakiwa wamechelewa kwa makusudi. Binti Santuri, koo lake hapo linakwaruza, ndiyo, lakini halijifichi nyuma ya kitu chochote.

Anayetaka kusikia mpango ule asihangaike. The Gouster ilitolewa 2016 ndani ya mkusanyiko wa kazi zake za 1974 hadi 1976. Au jipangie mwenyewe: chukua albamu ya 1975, toa "Win", "Fascination", "Across the Universe" na "Fame", ongeza tatu zilizoachwa, yaani "John, I'm Only Dancing (Again)", "It's Gonna Be Me" na "Who Can I Be Now?", zote zilikuwa nyongeza kwenye toleo la 1991. Tahadhari moja: kwenye The Gouster, "Right", "Can You Hear Me" na "Somebody Up There Likes Me" ni michanganyiko ya awali, kwa hiyo ukijipangia hutapata kitu kile kile.

Ridhimu

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kuhusu "Across the Universe", hata senti sitaitetea. Lakini ukitoa "Fascination" umemtoa Vandross mtunzi, na ukitoa "Fame" umemtoa Alomar mtunzi. The Gouster ni soul zaidi kwa sikio, ila kwenye lebo inarudisha jina la Bowie peke yake. Ndiyo maana nabaki na ya 1975.

Binti Santuri

Hilo la Ridhimu ni zito, sikulifikiria. Bado sitaiita soul. Lakini Mzee, "It's Gonna Be Me" nimeisikiliza sasa hivi kama Fundi alivyoelekeza, toleo la 2007 lenye vinanda vya nyuzi, kisha lisilo navyo. Lisilo navyo ni bora. Nyuzi zinajaza yale mapengo ambayo waitikiaji waliyaacha kwa makusudi.

Mzee wa Upande B

Marahaba, Ridhimu. Na wewe binti, irudie mara ya tatu, ukifuata besi tu.